Wenye Makoti Hawakufa

Tangu aanze kazi ya upelelezi, Inspekta Kinyonga alikuwa ameitwa kwa ajili ya watu waliouawa, ng'ombe waliouawa, na safari moja kasuku wa tajiri. Lakini hakuwahi kuitwa kwa marehemu asioweza kuwaona.

Jina hilo la Kinyonga hakupewa na mama yake. Walimpa askari wenzake, kwa ule mwendo wake wa kuinua mguu na kutafakari kabla ya kuushusha, na kwa kuwa jicho lake moja likikutazama, la pili hujui limekwenda kumtazama nani. Asubuhi hiyo alipanda ngazi za jengo la chuo hadi ghorofa ya pili, akamkuta mama mmoja mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, amesimama mlangoni kama mfiwa anayepokea wageni. Huyo ndiye Profesa.

"Kabla hujaingia, vaa koti," akamwambia, akimkabidhi koti jeupe.

Kinyonga akasema hasikii baridi. Profesa akamjibu kwamba hilo si la baridi. Lilikuwa la kumkinga yeye na vya humo ndani, na vya humo ndani kukingwa naye. Basi akalivaa. Mikono ya koti ilimfika karibu na viwiko, akaonekana kama mtoto aliyekua ghafla.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Profesa alikuwa mfugaji. Wenzake hufuga kuku, yeye alifuga bakteria wa tumboni, vile vijidudu vinavyoishi ndani ya utumbo wa kila mtu, mzima kwa mgonjwa, maskini kwa waziri. Alikuwa amevikusanya kwa miaka mingi, kwa sababu alitaka kujua jambo moja. Mtu akinywa dawa kali za hospitali, tumbo lake likabaki tupu kama nyumba iliyohamwa, wapangaji wale wa zamani watarudishwaje? Alivitunza katika sanduku kubwa la kioo lisilo na hewa yetu hii, maana vingi hewa hii ni sumu kwao. Ukitaka kuvigusa unaingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizobanwa kwenye matundu ya sanduku. Na chakula chao kilikuwa supu inayopikwa pamoja na unga wa mwani, ikipoa inaganda kama jeli kwenye visahani vya plastiki.

Kwa majuma kadhaa sasa, mifugo hiyo ilikuwa ikifa. Profesa akabadilisha kitasa cha mlango, ikafa. Akaongeza kufuli juu ya kitasa, ikafa vilevile. Funguo za kufuli zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikaa shingoni mwake. Mwingine ulikaa mfukoni mwa yule anayepika chakula cha vijidudu, ambaye jengo zima lilimwita Mpishi. Na Mpishi huyo ni shemeji yake Profesa, mume wa marehemu mdogo wake.

Hapo ndipo mwiba ulipochomea. Marehemu aliacha binti, sasa yuko darasa la sita, na binti huyo alikuwa na baba mmoja na Mama Mkubwa mmoja duniani. Kila mchana akitoka shule alipitia maabara kumsalimu baba yake, kisha akaenda kula kwa Mama Mkubwa. Siku Profesa alipomwita shemeji yake muuaji, alimwita mezani, mtoto akiwa na kijiko mkononi. Tangu hapo binti hupita barabarani ng'ambo ya jengo bila kugeuza shingo. Na Ijumaa baraza la chuo lingekaa. Kama Kinyonga hakuleta jambo jingine, Mpishi angefukuzwa kazi na kushtakiwa kwa hujuma.

Profesa alieleza yote hayo huku akifuta miwani isiyo na vumbi. Hakumshuku mtu bure, alisema. Mpishi alikuwa ameomba likizo kwa sababu mtoto anaumwa sikio. Yeye akamkatalia, kazi ilikuwa imebana. Wakatupiana maneno ukumbini, watu wakisikia, na Mpishi akatamka kwamba iko siku Profesa atawakuta hao wadudu wake wamelala chali wote, na Mpishi hayupo. Kisha akaondoka bila ruhusa. Aliporudi tu, vifo vikaanza.

"Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa," Kinyonga akasema. "Wamekufa wote?"

"Hapana. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wengine wamekufa, na wengine wamenona kama watu waliopata urithi."

Jicho la pili la Kinyonga, lililokuwa limezurura hadi dirishani, likarudi.

Akaomba kuwaona. Alipoinama kwenye hadubini, kwanza hakuona kitu ila kope zake mwenyewe. Profesa akanyonga gurudumu dogo pembeni, na papo hapo mji ukatokea. Kulikuwa na vijiti, kulikuwa na shanga, kulikuwa na mikufu iliyokatika na vishada kama vya zabibu, wengine rangi ya zambarau iliyokolea, wengine rangi ya waridi, wamesongamana kama watu sokoni siku ya kupokea mshahara. Kinyonga alikaa hapo mpaka mgongo ukamlalamikia. Alipoinuka akauliza, kwa sauti ya mtu aliye msikitini au kanisani, kama hawa nao wamo ndani ya tumbo lake.

Profesa akamwambia kwamba alichokiona ni uchochoro tu. Waliomo tumboni mwake sasa hivi ni wengi kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa juu ya ardhi. Kinyonga akaweka mkono juu ya tumbo, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyegundua kwamba kumbe miaka yote amekuwa akikaa kwenye nyumba ya wenyewe.

"Na rangi hizi mbili?"

Rangi ni ya kuwatambulisha, Profesa akaeleza. Wote hutiwa rangi ya zambarau kisha husuuzwa. Walio na ukuta mnene huishika, wakabaki zambarau. Walio na ukuta mwembamba huiachia, wakapakwa ya waridi. Na waliokufa, akasema, ni wa zambarau. Wote wa zambarau, wa waridi hakuna hata mmoja.

Kinyonga akacheka kidogo puani. Bibi yake, aliyemlea kwa uji na vitendawili, angekitega hivi: nyumba mbili zimenyeshewa mvua moja, yenye ukuta mnene imeanguka, yenye ukuta mwembamba imesimama.

Profesa akafikiri, akatikisa kichwa.

"Basi nipe mji."

"Nikupe mji gani?"

"Huo uliomo chini ya kioo. Nitaukaa mpaka jibu lipatikane."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Profesa alikaribia kutabasamu. Lakini Kinyonga hakuwa anatania tu. Alimwambia kwamba mtu mwenye hasira hachagui. Angetaka kulipiza kisasi, angemwaga dawa ya kusafishia choo ndani ya sanduku, akaua wa zambarau, wa waridi na wa rangi zote. Huyu muuaji anabisha hodi kila nyumba, anauliza jambo fulani, ndipo anaua au anapita. Anauliza nini?

Profesa naye hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alivuta droo ya meza ya Mpishi na kuonyesha pakiti ya vidonge, dawa ya kuua bakteria, nusu imeshatumika. Wapo wanaochagua, alisema, na shemeji yake anajua hivyo vizuri kama anavyojua njia ya kwake.

Kinyonga akakiri kwamba hilo ni jambo. Akamwomba Profesa asage kidonge kimoja, atie tone lake kwenye visahani vya rangi zote mbili, nao wangojee majibu. Yeye akaenda kumwona Mpishi.

Mpishi alikutwa jikoni kwake, chumba chembamba chenye sinki refu na mtungi mkubwa wa chuma wa mvuke. Ufunguo alikwisha kunyang'anywa, ila kuosha chupa hakukatazwa, akaosha. Alikuwa mrefu, mkavu, na aproni yenye doa kila mahali isipokuwa pale doa lingetarajiwa.

"Vidonge hivi vya nani?"

"Vya mwanangu. Sikio."

"Mbona viko kazini?"

"Cha mchana alikuwa anasahau, basi anapitia kukimezea hapa." Akasuuza chupa. "Alikuwa anapitia."

"Ulisema watalala chali."

"Nilisema. Na wadudu wenyewe hawana hata mgongo wa kulalia." Akaiweka chupa kichwa chini kwenye kichanja. "Afande, mtoto alikuwa analia mpaka jirani anagonga ukuta. Niliomba ruhusa kwa mtu aliyemfunga kitoto huyo huyo nepi yake ya kwanza, akaniambia kazi imebana. Ningesema nini, nimwimbie?"

Kinyonga akamwuliza nani aliyepika alipokuwa hayupo. Mpishi akageuka, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyechokozwa mahali panapomkuna. Shemeji mwenyewe, akasema. Na kile alichokipika kiligoma kuganda vyema, ungeweza kukitumia kubandikia stempu. Wanawake wa ukoo ule, akasema, wamejaliwa akili, sura na kila kitu, ila Mungu alipofika kwenye mapishi simu ikaita. Hata marehemu mkewe alikuwa akijua hivyo, na akikuambia umekula vizuri leo basi ujue mmekula hotelini.

Akaonyesha kazi yake ilivyo. Chupa inaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, supu inatiwa ndani, inafungwa, inaingia kwenye mtungi wa mvuke. Ikitoka humo, hakuna kiumbe kinachopumua. Ndiyo maana kila mtu katika jengo hilo aliamini mvuke kuliko alivyomwamini jirani yake.

Majibu ya vidonge yalipotoka, kesho kutwa yake, Profesa aliyatazama akakunja uso. Ile dawa ya sikio ilikuwa imewaua wa zambarau, lakini ilikuwa imewaua pia baadhi ya wa waridi. Sivyo vilivyokuwa visahani vya msiba, ambamo wa waridi hawakuguswa hata unywele. Basi si vidonge. Profesa ni mkweli kwa kazi yake, akakubali. Ila akasema kama si dawa hiyo basi ni nyingine, na funguo bado ni mbili.

Kinyonga akarudi jikoni. Hakuwa na swali la kuuliza. Alisimama tu, kama anavyosimama kinyonga juu ya tawi, huku Mpishi akiosha. Jicho moja lilikuwa kwa Mpishi, la pili kwenye kichanja.

Na jicho lile la pili ndilo lililoona. Ndani ya chupa nyingi, maji ya kusuuzia yaliteremka kama pazia, yakakiacha kioo kikavu na king'avu. Lakini kulikuwa na chupa nyingine, za umbo lilelile na kizibo kilekile, ambazo maji ndani yake hayakuteremka. Yalisimama matone matone, kama jasho kwenye paji la uso la mwongo.

Sasa, nyumbani kwa Kinyonga kuna sheria. Aliyekula mwisho ndiye anayeosha vyombo, na kwa mwendo wake ule, wa mwisho ni yeye kila siku. Mkewe hupita nyuma yake, huinua sahani moja kwenye taa, akaona maji yamesimama juu ya mafuta, akamwuliza: umeosha au umelowesha? Miaka yote ya ndoa ameulizwa swali hilo hilo.

Akalitamka kwa sauti. "Umeosha au umelowesha?"

Mpishi akakasirika kidogo, akasema ameosha, kwa sabuni ile ile na mkono ule ule. Kinyonga akachukua chupa mojawapo yenye matone, akapitisha kidole ndani ya shingo yake. Kidole kikanata. Akakinusa. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyofyekwa, na ganda la chungwa, na nyuma kabisa, kama mtu anayejificha mlangoni, harufu ya baa asubuhi kabla haijafagiliwa.

Akamwuliza Mpishi nani katika jengo hili ananuka hivyo.

Mpishi akanusa kidole cha afande, akaelekeza sakafuni. Ghorofa ya chini, akasema. Kwa Bwana Povu.

Bwana Povu alifundisha utengenezaji wa bia, na alikuwa na tumbo la mtu anayefanya mazoezi ya somo lake. Chumba chake kilijaa mapipa ya chuma, mipira ya kupitishia maji, na magunia ya maua makavu ya kijani, kila ua kama tunda la msonobari lililofinyangwa kwa karatasi. Hopsi, alisema kwa fahari, kama baba anayetambulisha binti. Akapasua ua moja kwa kucha, na katikati yake palikuwa na unga wa manjano. Akamwambia Kinyonga aonje. Uchungu ulimpanda hadi masikioni, na macho yake yote mawili, kwa mara ya kwanza labda tangu azaliwe, yakatazama mahali pamoja.

Bwana Povu akacheka mpaka mapipa yakavuma. Watu hudhani hopsi ni ya uchungu na harufu tu, alisema. Wazee wa kale wa kazi hii, wasiojua bakteria ni nini, waliona tu kwamba bia isiyotiwa hopsi inachacha upesi, na iliyotiwa inadumu. Kuna vijidudu vinavyochachusha, na ua hili halivipendi.

"Linaua vyote?"

"La. Hamira yangu iko salama humo humo inakunywa na kucheza. Na viko vijidudu vingine havijali kabisa. Ua hili lina watu wake."

Kinyonga akahisi nywele za mikononi zikisimama, na mikono ya koti ilikuwa mifupi kiasi kwamba zilionekana. Akauliza kwa upole kama kuna namna ya kulikoleza ua hilo. Ipo, akaambiwa. Unaliloweka kwenye spiriti, spiriti ikishakauka inabaki lami nzito ya rangi ya mzeituni, tone lake moja linatosha ndoo nzima. Hutunzwa kwenye chupa.

"Chupa zako?"

Za kuazima, Bwana Povu akasema bila wasiwasi. Zake zilivunjika. Aliazima kreti juu, akazitumia, akaziosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka zikang'aa, akazirudisha. Kwa masufuria yake mwenyewe, ni kweli, hutumia spiriti na magadi, kwa kuwa lami ile haisikii sabuni ya kawaida. Ila chupa za juu zinapita kwenye mvuke, na mvuke si ndio mwisho wa matata?

"Aliyekuazima ni Mpishi."

"Mpishi hakuwepo, mtoto alikuwa mgonjwa." Bwana Povu akamwangalia kama mtu asiyeelewa kwa nini swali rahisi linaulizwa taratibu hivyo. "Profesa mwenyewe alinipa, kreti nzima. Na chai akaninywesha."

Kinyonga alipanda ngazi na kichupa cha lami mfukoni, akiinua mguu, akitafakari, akiushusha. Hakusema lolote kuhusu kreti. Jibu lililotoka kwa afande lingekuwa neno la mtu. Alitaka litoke kwenye kisahani, mahali ambapo Profesa alizoea kupokea habari. Akamwambia tu kwamba amekamata mshukiwa, yumo kichupani, na anaomba ahojiwe.

Profesa akanusa, akakunja pua, akaanza kazi, na hapo Kinyonga akaona kwa nini watu humwita Profesa. Alichagua visahani vya supu iliyotoka kwenye chupa zile zilizoteremsha maji kama pazia, ambazo Kinyonga alimwonyesha bila kusema kwa nini. Akapanda wa zambarau kwenye kimoja, wa waridi kwenye kingine. Katikati ya kila kimoja akatia tone la lami iliyoyeyushwa kwa spiriti, na pembeni tone la spiriti tupu, isije ikawa spiriti ndiyo muuaji na ua likasingiziwa. Kisha akafunga vifuniko kwa utepe, mikono yake ikicheza ndani ya glavu ndefu kama ya fundi cherehani. Hakuna alichokiacha kwenye bahati.

Ijumaa asubuhi, baraza likiwa linapangiwa viti kwenye ukumbi wa chini, wakavitoa.

Profesa alikiinua kisahani cha waridi kwanza, dirishani. Vijidudu vilikuwa vimeota kila mahali, vikalizunguka tone mpaka ukingoni pake, kama wateja kwenye genge. Kisha akainua cha zambarau.

Kisahani chote kilikuwa kimefunikwa na utando wa vijidudu, mweupe kama wingu jembamba. Katikati, pale tone lilipotua, palikuwa na duara. Lilikuwa tupu, safi, ukingo wake umekatwa sawasawa kama kwa bikari, na jua la asubuhi likapita humo likaangukia uso wa Profesa, likauwekea mwezi shavuni. Penye spiriti tupu utando haukuguswa.

Akakaa kwenye stuli. "Koti," akasema.

Kinyonga akajitazama kifuani.

"Si lako. Lao." Na akaeleza, sauti yake ikiwa imeshuka, kana kwamba wanaozungumziwa wangeweza kusikia. Wa zambarau wana ukuta mnene, kweli, lakini ni ukuta wa matofali matupu, una matundu. Kitu kidogo kinachopenda mafuta kinapenya, kinaifikia ngozi laini ya ndani, kinaivuruga, na uhai unavuja. Wa waridi ukuta wao ni mwembamba, lakini juu ya ukuta wamevaa ngozi ya pili, koti la nje. Lami ya ua inafika, inakuta koti limefungwa vifungo, inarudi. "Ua halina macho. Linakua huko limepanda juu ya kamba zake, halijamwona mtu, halijui kama kuna matumbo. Na linawajua hawa mmoja mmoja kwa mavazi."

Huko mezani vijidudu vya waridi viliendelea kuishi, na duara likaendelea kuwa tupu.

"Basi mji wangu nirudishie," Profesa akasema mwisho. "Kitendawili kimeteguka."

"Nimeurudisha. Ila nilikuwa nimeanza kuuzoea."

Kwa hiyo hopsi inatibu matumbo, Kinyonga akauliza. Profesa akamtazama juu ya miwani, akawa mwalimu tena. Kisahani si tumbo, alisema. Tumboni kuna mambo mengi mno ambayo duara hili halijui, na wa zambarau wenyewe wamo wabaya na wamo wema tunaowahitaji. Asije akaenda baa akasema katumwa na Profesa. Lakini alipokuwa akilisema hilo, mkono wake haukukiachia kisahani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyefunguliwa dirisha katika nyumba aliyodhani anaijua.

Kisha akauliza lililobaki. "Nani aliyeileta humu ndani?"

"Aliingia kwa mlango, kufuli likiwa limefungwa. Alipitishwa ndani ya chupa. Ni zile zilizokaa kwa Bwana Povu kreti nzima, zikarudi zimeoshwa kwa sabuni, na mvuke huua vilivyo hai tu, lami hauitoi." Kinyonga akasita. "Zilizotoka wakati Mpishi hayupo."

Profesa alifungua mdomo kuuliza ni nani aliyezitoa, na mdomo ukabaki wazi. Kinyonga akageuza macho yote mawili upande wa dirisha, kwa heshima. Nyuma yake alisikia kisahani kikiwekwa mezani polepole sana, na hatua zikienda kwa mlango, zikishuka ngazi kuelekea ukumbi wa baraza. Zilipopanda tena, mchana ukiwa umeingia, pamoja nazo zilikuwa hatua za Mpishi.

Profesa alisimama mbele yake ameshika ule ufunguo wa pili. Akamwambia kwamba baraza limeambiwa yote na limekwenda zake, na kwamba yeye ndiye aliyetoa chupa.

"Pokea, shemeji."

Mpishi hakupokea. Kwanza aliinama akalitazama duara, kwa kitambo, akasonya kwa namna ya kusifu. Kisha akasema, "Nitaupokea, shemeji. Ila si hapa kati yangu na wewe. Nilivishwa hilo jina mbele ya mtoto. Nivuliwe mbele yake."

Wala hapakuwa na haja ya kumwita mbali. Ilikuwa saa ya shule kutoka. Kinyonga, aliyekuwa dirishani, alimwona binti akija ng'ambo ya barabara, begi mgongoni, shingo imekazwa mbele kama ya askari kwenye gwaride. Akaona mlango wa chini ukifunguka, na Profesa akitoka na koti lake jeupe, akivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, gari moja likimpigia honi. Hakusikia lililosemwa. Aliona tu kwamba lilikuwa fupi, na kwamba lilisemwa na mtu mzima aliyepiga magoti kwenye vumbi ili macho yalingane na ya mtoto.

Shingo ikageuka.

Walipofika juu, binti akavishwa koti, mikono ikamzidi ikaning'inia kama ya mzimu. Hakucheka. Alikishika kisahani, kikiwa kimefungwa kwa utepe, akakiinua kwenye mwanga, akachungulia kupitia lile duara tupu. Alimtazama baba yake humo. Akamtazama Mama Mkubwa. Akarudi kwa baba yake, akakaa naye humo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ni ua," akasema.

"Ni ua," Profesa akajibu. "Na chupa nilizozitoa mimi."

Mpishi akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo.

Kinyonga alipokuwa akihangaika kujivua koti lililombana kwapani, alimwona Profesa amekwisha kukunja mikono ya koti jikoni, kibuyu cha spiriti pembeni, anasugua chupa ya kwanza ya ile kreti kwa nguvu zake zote. Mpishi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, binti akiwa amemwegemea.

"Shemeji," akasema. "Umeosha au umelowesha?"

Hapo ndipo mtoto alipocheka. Profesa aliijaza chupa maji, akaimwaga, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha ili wote wanne waone. Maji yakateremka kama pazia, na hakuna tone lililosimama.